Pembe Iliyopo: Kisa cha Mwanagenzi wa Kibuye

Wajukuu wangu, sogeeni karibu. Sungura na fisi tuwaache wapumzike jioni ya leo. Nina kisa cha ubao, msumeno na ufa mwembamba uliomnyima usingizi mwanagenzi mmoja wa useremala kule Kisumu. Kisa nimekitunga mwenyewe ili niwafunze, ila vipimo vilivyomo ni vya kweli, na kila kimoja mnaweza kukihakiki kwa penseli, karatasi na ile seti ya jiometri mliyo nayo mkobani.

Kibuye mnapajua. Ni soko kubwa la wazi la Kisumu, na Jumapili ndiyo siku yake ya kufurika watu. Huku mitumba, kule omena na ngege, na ukisogea zaidi utasikia randa zikikwaruza na nyundo zikijibizana. Hapo ndipo kwa maseremala. Vitanda, kabati, viti na milango huundwa papo hapo na kuuzwa papo hapo.

Katika kibanda kimojawapo palikuwa na fundi mzee, na chini yake binti aliyekuja kujifunza kazi. Fundi huyo alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa moja: hakutaka kuona mbao zikiharibiwa. Alikuwa na sababu. Mnamo Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi Julai 2023. Katika miaka hiyo bei ya mbao ilipanda, na seremala aliyekosea mkato mmoja aliweza kupoteza faida yote ya kazi. Tangu hapo fundi alizoea kuweka akiba hata ya vipande vya shubiri moja.

Basi siku moja akaja mteja na picha ya mashua za ufuo wa Dunga. Alitaka fremu ya kuitundika sebuleni, sentimita 40 kwa 30 ukipima kwa nje.

"Fundi, hii niachie mimi," binti akaomba.

"Chukua, nyathina," fundi akamjibu, yaani mwanangu kwa Kiluo. "Ila ujue, fremu ni kazi ndogo kwa anayeitazama, si kwa anayeiunda."

Binti akachagua ubao wa saiprasi wenye upana wa sentimita 6, akaupiga randa ukalainika. Kibandani palikuwa na kisanduku cha mbao cha kuelekezea msumeno, kile chenye mifuo ya mshazari ubavuni. Kilikuwa kimetumika miaka mingi, na mifuo ilikuwa imelika hadi msumeno ukawa unacheza ndani yake. Binti hakulijali hilo. Alikata vipande vinne, ncha zote za mshazari, mkato ambao maseremala wa Pwani huuita hanamu. Kona ya kwanza ikafumba. Ya pili ikafumba. Ya tatu akaisukuma kwa kiganja ikakubali. Ya nne ikakataa. Palibaki mwanya ambao ungepitisha kidole.

Akalegeza vipande, akaugawa ule mwanya kidogo kidogo kwenye kona zote nne. Sasa kila kona ikawa na ufa wake. Akatafuta unga wa msumeno, akauchanganya na gundi, akaanza kuziba.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema, akidhani fundi atamsifu.

"Methali ni nzuri," fundi akasema, "lakini hapa unaficha, huzibi. Unga huo utakauka na kudondoka. Kaa chini nikuonyeshe ufa ulitoka wapi."

Sikilizeni kwa makini hapa, wajukuu wangu, maana ndipo penye kiini cha kazi. Fremu ya pande nne ina vipande vinne, na kila kipande kina ncha mbili. Hiyo ni mikato minane. Tuseme msumeno ulikosea digrii 1 tu katika kila mkato, na makosa yote yakaelekea upande mmoja. Digrii 1 ni ndogo mno kwa jicho. Lakini mara nane zinakuwa digrii 8, na zote zinamsubiri seremala kwenye kona ya mwisho. Akizigawa kona zote, kila kona inabaki na digrii 2. Ubao wa upana wa sentimita 6 ukikatwa mshazari, uso wa mkato wake huwa na urefu wa karibu sentimita 8 na nusu. Digrii 2 juu ya urefu huo huacha mwanya wa karibu milimita 3 upande ulio wazi. Ndio ule ufa aliokuwa akiuziba kwa unga.

Mtaniuliza, digrii ni kitu gani hasa? Watu wa Babeli ya kale, waliohesabu kwa makumi sita, ndio waliotuachia desturi ya kuugawa mviringo mzima katika sehemu 360. Kila sehemu ni digrii moja. Nanyi watu wa Kisumu mnaishi jirani na digrii maarufu sana: mkipanda gari kuelekea Busia, mtakapofika Maseno mtavuka mstari wa ikweta, ambako latitudo ni digrii 0. Robo ya mviringo ni digrii 90, na hiyo ndiyo pembe mraba, pembe ya daftari lako, ya dirisha, na ya kona ya fremu iliyotulia. Nusu ya 90 ni 45. Kwa hiyo mbao mbili zinazokutana kwenye kona ya mraba, kila moja hukatwa digrii 45.

Lakini kwa nini nusu kwa nusu? Je, mmoja akikatwa 40 na mwingine 50, si jumla itakuwa 90 vilevile? Itakuwa, ndiyo. Tatizo ni kwamba nyuso za mikato hazitalingana. Kwenye ubao wetu wa sentimita 6, uso wa digrii 40 utakuwa na urefu wa sentimita 9 na milimita 3, na wa digrii 50 sentimita 7 na milimita 8. Mmoja utachomoza nje ya mwenzake. Kona nzuri ni mapatano ya mbao mbili, na mapatano hayo hudumu pale kila upande unapotoa nusu kamili.

Mababu wa Waluo, kwa nyumba zao za mviringo zenye paa la nyasi, hawakuhangaika sana na jambo hili. Ukuta wa duara hauna kona. Nyumba za pande nne zilipoenea kandokando ya Ziwa Viktoria, kona zikaja nazo: fremu za milango, fremu za madirisha, dari, kabati za ukutani. Na kila kona iliyozaliwa ilizaa swali lile lile: ni digrii ngapi?

Fundi akafungua sanduku lake, akatoa vifaa vitatu na kuvipanga mezani.

Cha kwanza kilikuwa skwea, kile chenye mpini mnene na ulimi wa chuma uliosimama digrii 90. Kazi yake ni kusema ndiyo au hapana: kona hii ni ya mraba, au siyo. Cha pili kilikuwa beveli. Hii ina mpini na ulimi kama skwea, ila ulimi wake unazunguka, na kuna parafujo ya kuukaza. Beveli haisemi namba yoyote. Hunakili pembe iliyopo mahali na kuihamishia kwenye ubao. Cha tatu kilikuwa kipimapembe: mikono miwili ya chuma iliyoungana kwenye duara lenye namba. Ukifungua mikono ile mpaka ikagusa kuta mbili, mshale unaonyesha ni digrii ngapi. Siku hizi viko pia vya betri vinavyoandika namba kwenye kioo kidogo.

"Kabla hujakiamini kifaa," fundi akasema, "kihoji."

Akachukua ubao wenye ukingo ulionyooka, akaegemeza skwea, akachora mstari. Akaigeuza skwea ielekee upande wa pili, akachora tena kutoka pale pale mstari wa kwanza ulipoanzia. Mistari ile miwili ikalaliana ikawa mmoja. Hapo akajua skwea ni nzima. Mistari ingeachana juu, mwanya wake ungekuwa kosa la skwea mara mbili. Kipimapembe nacho akakifunga mikono yote juu ya ukingo ulionyooka. Mshale ukasimama kwenye sifuri. Kama usingesimama hapo, kila kipimo cha siku ile kingekuwa na kasoro.

Binti akaunda fremu upya. Safari hii alichora kila mkato kwa beveli aliyoiweka kwenye digrii 45 kwa kipimapembe, tena kwa penseli iliyochongwa kwelikweli, kwa maana mstari mnene wa penseli unaweza kula nusu milimita. Akaweka alama ya X upande wa kipande kitakachotupwa, akapitisha msumeno upande huo. Meno ya msumeno yana unene. Nayo hula mbao. Ukikata juu ya mstari wenyewe, ubao wako utapungua bila wewe kujua.

Akakata kwanza vipande viwili vya mabaki, akaviunganisha na kuviwekea skwea kwa ndani. Vilipokubali, ndipo akagusa mbao zenyewe. Vipande vya sentimita 40 alivibananisha pamoja akavilinganisha, vya 30 vivyo hivyo, kwa sababu fremu yenye pembe sahihi lakini pande za kupishana urefu nayo hutoa ufa. Mwisho akapima kutoka kona hadi kona, mshazari kwa mshazari. Huu wa kwanza sentimita 50. Na huu wa pili sentimita 50. Mkumbuke somo la Pythagoras: 30, 40, 50. Pande zinazokabiliana zikilingana na mishazari miwili ikilingana, fremu haiwezi kuwa na kona iliyopinda.

Mteja akaja, akapitisha kidole kwenye kona, akalipa na kuondoka na picha yake.

Kisa kingeishia hapo kama dunia nzima ingekuwa na kona za mraba. Lakini wiki iliyofuata fundi na mwanagenzi wake waliitwa kwenye nyumba mpya pembeni mwa mji, wazungushe chini ya kuta zile mbao ambazo mafundi huziita skatingi. Binti alikuwa na furaha. Alishaijua siri: 45, 45, 45. Akakata mbao zote za chumba cha kwanza kwa digrii 45 hata kabla ya kuinama kwenye kona. Alipozipanga, kona moja ilifunguka mbele, nyingine ilifunguka nyuma.

"Nani alikuambia kuta hizi ni za mraba?" fundi akauliza.

"Kila nyumba ina kuta za mraba, Fundi."

"Inatakiwa iwe nazo. Mwashi hujenga kwa kamba na timazi, plasta ikapakwa nene huku na nyembamba kule, na kona ikasogea digrii mbili tatu. Mwashi hakuiba, wala nyumba haitaanguka. Lakini ubao wako haukutani na kona inayotakiwa. Unakutana na kona iliyopo."

Wajukuu wangu, hayo ndiyo maneno niliyotaka myabebe: pima pembe iliyopo, siyo pembe unayodhani ipo.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Binti akapiga magoti, akakwangua mabonge ya plasta yaliyoganda kwenye kona, maana chembe moja ya saruji chini ya mkono wa kipimapembe huharibu kipimo chote. Akasukuma mikono ya chuma hadi ikalala kwenye kuta zote mbili bila mwanga kupenya. Akaleta jicho lake sawasawa mbele ya mshale, kwani ukiusoma ukiwa umekaa kando, namba huonekana imehama. Akapima chini kabisa, halafu juu kidogo mahali ukingo wa ubao utakapofika. Kona ya kwanza: digrii 94. Ya pili: 88. Ya tatu: 90 kamili. Ya nne: 88. Akajumlisha: 360. Fundi akatabasamu. Chumba chochote cha pande nne zilizonyooka lazima kifike 360. Jumla ikiwa tofauti, ujue kuna kona uliyoisoma vibaya.

Akagawa kwa mbili. Nusu ya 94 ni 47. Akaenda kwenye mashine ya kukatia pembe, akaizungusha hadi namba 47, akakata. Akaleta mbao kwenye kona. Ufa ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza!

Hapa hata watu wazima hukwama, kwa hiyo nipeni masikio yenu. Kipimapembe huhesabu pembe kutoka ubavu wa ubao. Mashine ya msumeno huanza kuhesabu kwingine: sifuri yake ni mkato wa kukingama, ule ulionyooka ambao kwa kipimapembe ni digrii 90. Basi namba mbili hizo hujazana kufika 90. Ukitaka mkato wa 47, mashine iweke 43, kwa kuwa 47 na 43 ni 90. Ukitaka 44, mashine iweke 46. Kwa digrii 45 namba zote mbili hufanana, na ndiyo sababu mwanagenzi anaweza kufanya kazi mwaka mzima bila kugundua tofauti hii. Siku anapokutana na kona ya 94, ndipo inamnasa.

Hesabuni wenyewe. Mbao zilizokatwa 45 na 45 kwenye kona ya 94 huacha ufa wa digrii 4. Binti alipoweka mashine kwenye 47, kila ubao ulitoka na mkato wa digrii 43, jumla 86. Ufa ukawa digrii 8, mara mbili ya ule alioukimbia. Alikuwa amepima sawa na kugawa sawa, akakosea kusoma mashine. Alipoiweka kwenye 43, mbao zikakutana, na hata karatasi haikupita katikati.

Je, kama huna kifaa chenye namba? Basi chukua beveli, nakili pembe ya kona, ichore kwenye kipande cha plaiwudi, kisha tumia bikari kuigawa mara mbili kama mlivyofunzwa darasani: tao moja kutoka kwenye ncha, matao mawili yanayokatana mbele, na mstari wa kuunganisha. Ulimi wa beveli ukilala juu ya mstari huo, umepata nusu yako bila kusoma digrii hata moja. Maseremala walifanya hivyo karne nyingi kabla ya vifaa vya betri.

Na kwa wale wapenda hesabu, nina zawadi. Hoteli moja ya ufukweni ikiagiza fremu ya meza yenye pande sita zilizo sawa, mashine utaiweka ngapi? Chukua 180, gawa kwa idadi ya pande. Pande nne: 45. Pande sita: 30. Pande nane: 22.5. Pande tatu: 60. Kanuni hii haina siri. Anayezunguka umbo lolote la pande sawa na kurudi alipoanza amegeuka jumla ya digrii 360, na kila kona hugawana mgeuko wake kwa mbao mbili.

Sasa twende Dunga, kusini mwa mji, kule penye mafunjo na mashua. Mashua nyingi za mbao mnazoziona kwenye ziwa letu ni za ukoo wa zile za Visiwa vya Ssese, upande wa Uganda: zina mkuku chini, tumbo linalobana kama herufi V, na mbao ndefu zilizopigiliwa kwenye mataruma, yaani mbavu za chombo. Mtazame fundi wa mashua akifanya kazi. Katikati ya chombo taruma hufunguka sana. Kuelekea mbele hufungika, na kila moja lina pembe yake. Namba ya vitabuni haitamsaidia. Yeye hunakili pembe kutoka kwenye mkuku wenyewe, hapo hapo, akaihamishia kwenye ubao. Naye hawezi kujitetea kwa unga na gundi. Pamba hushindiliwa kwenye maungio ya mbao zilizokaribiana, lakini ungio lililoachama pamba haitalishikilia muda mrefu, na maji yataingia mvuvi akiwa mbali na nchi kavu. Kwenye fremu ya picha ufa ni aibu. Kwenye mashua ufa ni hatari.

Kisumu yenyewe ilikua kwa kazi ya vipande vinavyopaswa kukutana. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence wakati huo, na mwaka 1902 meli ya Winifred ikashushwa majini pale pale. Vipande vyake vya chuma vilitengenezwa Paisley, Scotland, vikaletwa kupitia bahari na nchi kavu, vikaunganishwa kando ya ziwa. Fikirini: aliyekata na aliyeunganisha hawakuwa mahali pamoja. Kilichowakutanisha ni vipimo. Kama mmoja angekisia, maelfu ya kilomita za safari zingekuwa bure.

Kuna adui mmoja wa pembe ambaye kifaa hakimwoni: maji yaliyo ndani ya mbao. Ubao mbichi ukikauka hunywea upana, huku urefu wake ukibaki karibu vile vile. Mkato uliokuwa 45 siku ya kuunganisha huwa chini ya 45 miezi kadhaa baadaye, na ungio hufunguka kwa ndani ya kona. Ubao mkavu ukivuta unyevu hufura, na ungio hufunguka kwa nje. Kwa hiyo ukiona fremu yenye ufa wa ndani pekee, usimlaumu haraka aliyepima; huenda mbao hazikuwa zimekauka. Fundi wetu wa Kibuye alizipanga mbao kivulini, vijiti vikitenganisha kila ubao na mwenzake ili upepo upite, na hakuzigusa hadi zilipokuwa tayari.

Gundi nayo ina adabu yake. Uso wa mkato wa mshazari umefungua vinyweleo vya mti, na hunywa gundi upesi. Paka safu nyembamba, isubiri iingie, kisha paka nyingine, ndipo uunganishe. Zungusha kamba fremu nzima, ikaze pole pole kwa kijiti, na upime tena mishazari miwili kabla gundi haijashika. Baada ya hapo huna nafasi ya kurekebisha.

Mwanagenzi wetu alifanya yote hayo kwa vyumba vinne vya ile nyumba. Mwenye nyumba alipotaka kujua nani alikata kona, fundi alimwonyesha binti, na kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyetumwa kupima kila kazi mpya.

Sasa ni zamu yenu. Wenye somo la ufundi shuleni katika Sekondari Msingi mtaligusa jambo hili darasani, lakini hamna haja ya kungoja. Msumeno na mashine waachieni watu wazima kwa sasa. Siku mtakapovishika, vaeni miwani ya kinga, na mkono usiwe kwenye njia ya meno. Leo kateni vipande viwili vya katoni ngumu, kila kimoja sentimita 20 kwa 3, mvitoboe karibu na ncha na kuvifunga kwa pini inayozunguka. Hiyo ni beveli yenu. Ipelekeni kwenye kona nne za chumba mnacholala, fungueni mikono hadi iguse kuta zote mbili, kisha ilazeni taratibu juu ya kipimapembe cha seti ya jiometri na msome. Andikeni namba nne na mzijumlishe. Zikiwa mbali na 360, rudieni hadi mpate kona iliyowadanganya. Kisha gawanyeni kila moja kwa mbili, mwandike mkato wa ubao, na kando yake mwandike mashine ingewekwa ngapi.

Mkishapata majibu, mpelekeeni seremala wa mtaa wenu mkamwombe ayakague. Kisumu inajengwa kila siku, na nyumba zake zinahitaji mafundi wanaopiga magoti wakapima kabla ya kukata. Anzeni kuwa watu hao sasa, kwa katoni na penseli.